Kosa la "Kwa" Moja

Nimeisoma sarufi ya Kiswahili kwa miaka mingi, nami nakiri mbele ya wasomaji wa jarida hili kwamba kosa kubwa kuliko yote niliyowahi kuyafanya katika lugha hii lilikuwa la silabi moja. Halikuwa kosa la upatanisho wa kisarufi, wala la tahajia, wala la matamshi. Sentensi niliyoitamka ilikuwa sahihi kwa kila kipimo ambacho mwalimu wa sintaksia angeweza kukitumia. Ila ilisema kinyume cha ukweli, na walioisikia walikuwa wavuvi wa Kipini, watu ambao hawakuwa na sababu ya kudhani kwamba kijana wao aliyeletwa kuwafasiria angewapotosha.

Msomaji ambaye hajafika Kipini afahamu kwamba Tana, mto mrefu kuliko mito yote ya Kenya, umalizapo mwendo wake wa takriban kilomita 1,000, huingia Bahari ya Hindi papo hapo, katika Ghuba ya Ungwana. Sisi wa fasihi tunapajua kwa sababu nyingine: mapokeo yanasema kwamba kaburi la Fumo Liyongo liko huko. Mimi nilizaliwa Garsen, bara kidogo, kwenye njia itokayo Malindi kwenda Garissa. Mama yangu ni mtu wa Kipini, na kaka yake, mjomba wangu, ni mvuvi wa huko. Kwa hiyo Januari mwaka 2019, walipotafutwa watu wa kufasiri katika mkutano wa wavuvi na wataalamu wa bahari, mjomba ndiye aliyenitaja. Alisema anaye mpwa chuoni anayesomea Kiswahili chenyewe. Nilikuwa mwaka wa tatu, na nilijiona nimeiva.

Tuliketi kivulini, karibu na mahali ambapo mashua huvutwa pwani. Mtaalamu mgeni alitundika ramani kubwa ya ghuba yetu, iliyopakwa rangi: buluu palipo na maji ya baridi kidogo, manjano palipo vuguvugu, nyekundu palipo na joto zaidi. Aliwaeleza wavuvi kwa Kiingereza kwamba mahali maji ya baridi yanapokutana na maji ya joto, aghalabu samaki hukusanyika, na kwamba ramani kama ile ingeweza kuwapunguzia safari za bure na gharama ya petroli. Kisha akaeleza jinsi joto hilo linavyojulikana: chombo kilicho angani hulipima kwa njia ya mionzi ya infraredi. Hapo ndipo niliposimama, nikakohoa kidogo kama wafanyavyo wasomi, nikasema: "Chombo hiki hupima bahari kwa mionzi."

Kimya kikaingia. Nilidhani ni kimya cha kuridhika.

Mjomba ndiye aliyeuliza kwanza, na aliniita Mwalimu mbele za watu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. "Mwalimu, hiyo mionzi ikishayapiga maji, samaki huenda wapi?" Mwingine akaonyesha doa jekundu kwenye ramani, akauliza kama hapo ndipo palipochomwa. Wa tatu akakumbusha habari za Ngomeni, upande wa kusini wa ghuba hiyo hiyo, ambako Wataliano walisimamisha majukwaa yao baharini na kurusha roketi tangu miaka ya 1960 hadi mwaka 1988. Watu wa ghuba yetu, msomaji, si watu wa kuambiwa kwamba mambo ya angani hayawahusu. Setilaiti iliyopewa jina la Uhuru ilipaa kutoka majini mwetu tarehe 12 Desemba 1970, siku ya sikukuu yetu ya uhuru, na wazee walioiona roketi ikipanda wapo.

Kisha nahodha mmoja mtu mzima, ambaye hakuonyesha hasira yoyote, aliuliza swali ambalo sijalisahau. Alisema: "Hewa ya hapa ni nzito. Ina maji. Mimi nikisimama hapa asubuhi, chombo kilicho mbali kidogo tu sikioni vizuri. Hicho kilicho juu ya mbingu kinauonaje uso wa bahari katikati ya maji yote haya?" Nilimfasiria mtaalamu. Uso wake ukang'aa kwa furaha, akajibu kwa dakika tatu au nne, akitaja mvuke, akitaja madirisha mawili, akichora hewani kwa vidole. Nilimsikiliza, nikaona kwamba sina hata neno moja la kuanzia. Nikawageukia wavuvi nikasema: "Amesema kina uwezo mkubwa."

Mkutano ulikwisha kabla ya chai. Jioni mjomba alikula bila kusema nami. Wiki iliyofuata, nilipokwisha kurudi chuoni, samaki walipungua kama wanavyopungua mara nyingi, lakini safari hii kulikuwa na sababu iliyotajwa hadharani, na mtu aliyeileta alijulikana. Mama alinipigia simu akaniambia kwamba kaka yake haketi tena barazani baada ya sala ya alasiri. Watu walikuwa wakimwuliza mpwa wake alilipwa shilingi ngapi.

Hebu tulitazame hilo neno "kwa". Sote tumefundishwa kwamba lina kazi nyingi: huonyesha mahali (kwa mjomba), sababu (kwa hofu), namna (kwa upole), muda (kwa siku tatu), na kadhalika. Lakini linapofuata kitenzi cha kutenda na kufuatwa na jina la kitu, msikilizaji huchukua maana ya kwanza iliyo karibu, nayo ni ya kifaa. Fundi hupima ubao kwa rula. Mvuvi huvua kwa jarife. Daktari hutibu saratani kwa mionzi. Katika mifano yote hii kifaa kimo mkononi mwa mtendaji, na mtendaji hukielekeza kwa anayetendwa. Basi chombo kinachopima bahari kwa mionzi ni lazima kiwe kinaipiga bahari kwa mionzi, na tena kwa mionzi ile ile ambayo watu wa Kipini wanaijua kutoka hospitali, inayonyoa nywele za mgonjwa na kumtapisha. Wavuvi walinielewa sawasawa. Mwenye kosa ni mimi. Ukweli ni kwamba chombo kile hakitumi chochote baharini. Bahari ndiyo inayotuma, nacho hupokea. Ningesema "hupokea joto litokalo baharini," baraza la mjomba lisingevunjika.

Mtu anaweza kusema ni rahisi sasa. Naam, ni rahisi sasa, kwa sababu ilinibidi nilijue jambo lenyewe kabla ya kulitafutia maneno, na nilianza kulijua Garsen, nyumbani kwa nyanya.

Nyanya hakwenda shule, na kisa changu cha Kipini alikisikiliza hadi mwisho bila kunipoza. Usiku ule kulikuwa na fukuto. Anayeijua Garsen anajua maana yake: jua limekwisha kuchwa zamani, upepo umekufa, na ukuta wa udongo unaendelea kukutolea joto mgongoni kama jiko lililosahaulika. Mbingu haikuwa na mawingu, ila nyota zilionekana chache na hafifu. Nyanya aliniambia nitandike mkeka uwanjani. Nikamkumbusha kwamba tulipokuwa wadogo alitulaza chini ya mwembe. Akasema hiyo ilikuwa mikesha ya nyota nyingi. Nyota zikiwa nyingi na kali, mwili hupoa upesi, na mtoto aliyelala mahali pa wazi huamka na kifua. Nyota zikiwa chache, joto halina pa kwenda, basi lala uwanjani upate hicho kidogo kilichopo. Na tena, akasema, umande hauanguki chini ya mwembe.

Nililala nikiyafikiria maneno hayo manne: joto halina pa kwenda.

Kila kitu chenye joto hung'aa. Mkaa uliokolea hung'aa kwa wekundu tunaouona. Ukiuacha, wekundu hufifia ukazimika, lakini weka kiganja kando yake, si juu, na kiganja kitakuambia kwamba ungali unang'aa. Nuru hiyo ambayo ngozi huipata na jicho hulikosa ndiyo infraredi, yaani nuru iliyo chini ya nyekundu. William Herschel, mwanafalaki aliyeishi Uingereza, aliigundua mwaka 1800 alipoupitisha mwanga wa jua katika kioo cha pembe tatu, akaweka kipimajoto kando ya rangi nyekundu, mahali pasipo na rangi yoyote, na kipimajoto kikapanda. Si mkaa tu. Ukuta wa udongo, mchanga, mwili wa mtoto aliyelala, maji ya bahari, vyote hung'aa usiku na mchana. Nuru nyekundu tunayoiona ina mawimbi yenye urefu unaokaribia mikrometa 0.7, na mikrometa ni sehemu moja ya milioni ya mita. Nuru itokayo kwenye vitu vya joto la kawaida la kwetu ni ya mawimbi marefu zaidi ya hapo mara nyingi, na nguvu yake kubwa iko karibu na mikrometa 10.

Sasa nuru hiyo inapotoka ardhini usiku kwenda juu, inakutana na hewa. Sehemu kubwa ya hewa ni naitrojeni na oksijeni, na gesi hizo mbili huiacha ipite karibu yote. Tangu mwaka 1859 John Tyndall alilichunguza jambo hili mjini London, akipitisha joto kwenye bomba lililojazwa gesi mbalimbali, na alistaajabu kuona kwamba mvuke wa maji, ambao ni kiasi kidogo tu katika hewa, huzuia joto hilo kuliko gesi zote zilizo nyingi. Mvuke huimeza nuru hiyo, nao kwa kuwa una joto lake hung'aa pande zote, na sehemu ya mng'ao huo hurudi chini. Kwa hiyo usiku wa hewa kavu ardhi hutoa na haipokei sana, ikapoa. Usiku wa hewa nzito ardhi hutoa na kupokea karibu kiasi kile kile, ikabaki na fukuto lake. Joto halina pa kwenda. Na mwembe hufanya kazi iyo hiyo kwa majani: uliolala chini yake hautazamani na mbingu, unatazamana na matawi yenye joto kama lako, na hayo hukurudishia.

Hapa yafaa nitoe indhari kuhusu neno "mvuke", maana nami lilinikwaza. Mvuke tunaouona ukitoka kwenye sufuria ya ugali si mvuke wa maji kwa maana ya wanafizikia. Huo ni matone madogo mno, ndugu wa ukungu na mawingu. Mvuke hasa hauonekani. Hewa ya Kipini inaweza kuwa angavu kabisa machoni ilhali kwa nuru ya infraredi imefungwa kama pazia la kanga mbili. Jicho la nahodha lilizuiwa na chumvi na ukungu mwepesi wa asubuhi, lakini hoja yake ilikuwa kweli kuliko alivyojua, kwa kuwa kizuizi kikubwa ni kile ambacho hakukiona.

Basi swali lake lilistahili jibu gani?

Nilikaa na vitabu vya maktaba na rafiki wa Kitivo cha Sayansi kwa wiki mbili, nikapata jibu ambalo naliona zuri hadi leo. Katika mita moja ya ujazo ya hewa ya pwani yetu, asubuhi ya unyevu mwingi, mna maji ya kiasi cha gramu 20. Ukitazama mbele sambamba na bahari, kila kilomita moja ya mtazamo wako imebeba mvuke ambao ungemiminwa chini ungefanya maji ya kina cha milimita 20. Ukitazama juu moja kwa moja hadi nje ya angahewa, mvuke wote ulio juu ya kichwa chako, pwani za joto kama zetu, ungefanya maji ya kina cha milimita 40 hadi 60 hivi, na si zaidi sana, kwa sababu mvuke hukaa chini, katika kilomita chache za kwanza, na juu ya hapo hewa ni kavu. Hesabu ni ya darasa la nane: kutazama kilomita mbili na nusu juu ya maji ni sawa na kutazama kutoka Kipini hadi nje ya anga. Kamera ya joto iliyowekwa ufukweni kumtafuta mtu aliyepotea baharini huchoka baada ya masafa mafupi, ilhali setilaiti iliyoko kilomita 36,000 juu ya ikweta inapenya kizuizi kisichozidi kile cha mwendo mfupi wa mashua. Umbali si neno. Neno ni maji yaliyomo katika umbali huo.

Hata hivyo halijapenya salama. Mvuke haufungi milango yote. Kati ya mikrometa 8 na 13 hivi umeacha mlango, na katika nchi kavu mlango huo uko wazi kabisa. Kwetu uko nusu wazi, maana hewa ikijaa mvuke mwingi hata hapo huanza kuzuia, na huzuia upesi kuliko unavyoongezeka. Chombo cha angani kikitazama bahari yetu kupitia hapo huiona ni ya baridi kuliko ilivyo, tena kwa nyuzi kadhaa, kwa sababu sehemu ya nuru ya bahari imemezwa na badala yake imekuja nuru ya mvuke ulio juu, penye baridi. Ndipo yanapoingia yale madirisha mawili aliyoyachora mtaalamu kwa vidole. Setilaiti za Meteosat, ambazo tangu mwaka 1998 mojawapo yao imewekwa juu ya Bahari ya Hindi (iliyokuwapo wakati wa mkutano wetu ilikuwa ya 8, na tangu mwaka 2022 ni ya 9), sasa hutazama karibu na mikrometa 10.8 na tena karibu na mikrometa 12. Dirisha la pili huathiriwa na mvuke kuliko la kwanza. Ni kama mashahidi wawili waliosikiliza maneno nyuma ya ukuta mmoja, mmoja akiwa mzito wa masikio kuliko mwenziwe. Kadhi anayeijua tofauti ya masikio yao anaweza, kwa kulinganisha walivyosikia, kukisia unene wa ukuta na kuyapata maneno yenyewe. Usiku kuna shahidi wa tatu, karibu na mikrometa 3.9, ambaye mvuke haumsumbui sana. Mchana hafai kwa kazi hii, kwa kuwa jua humtia maneno kinywani.

Na wingu likipita, mashahidi wote hunyamaza. Chombo huona mgongo wa wingu basi. Wala hakioni ndani ya bahari hata kidogo: nuru anayoipata hutoka kwenye ngozi ya maji, nyembamba kuliko ukucha. Samaki hawaoni, nyavu hazioni. Doa dogo kabisa la picha yake ni la kilomita 3 kwa 3, na hilo ni chini yake hasa. Pembeni doa ni kubwa zaidi.

Nilipokwisha kuyajua haya, nilirudi kwenye maneno, maana kazi yangu ni maneno. "Mnururisho" lipo katika vitabu vya fizikia, nami nalipenda kwa kuwa limezaliwa na nuru, lakini nisingeweza kulipeleka Kipini peke yake. Nikafungua kamusi nikitafuta neno lolote la watu wa bahari linalohusu kupoa kwa usiku. Nikalikuta neno nililolala nalo uwanjani kwa nyanya.

Umande, zasema kamusi za zamani, ni matone ya maji yanayoonekana juu ya majani alfajiri. Umande, zasema kamusi hizo hizo, ni upepo utokao nchi kavu kwenda baharini. Nilikuwa nimezipita maana hizo mbili mara nyingi, nikizidhania kuwa homonimia tu, mambo mawili yaliyokutana katika jina moja kwa bahati. Sasa nilizitazama upya. Usiku nchi kavu hutoa nuru yake ya joto kwenda juu na kupoa, ilhali bahari, yenye maji mengi yanayojigeuza, hupoa kidogo mno. Majani yaliyopoa huugandisha mvuke wa hewa ukawa matone: huo ni umande. Hewa iliyopoa juu ya nchi huwa nzito, ikatelemka kwenda juu ya bahari iliyo vuguvugu: huo nao ni umande. Mama ni mmoja. Yamkini manahodha waliolipa jina hilo waliona tu kwamba mambo hayo mawili hufika saa moja, lakini waliyaweka nyumba moja, na hapo ndipo pao. (Kusema kweli umande hauanguki, kama lugha inavyotaka, bali hutunga pale pale juu ya jani. Sitamsahihisha nyanya.)

Na kwa kuwa nimelitaja kaburi la Liyongo, msomaji aniruhusu nichepuke kidogo. Katika kisa chake, baada ya kuchomwa na mwanawe, shujaa yule alipiga goti karibu na kisima, mshale ukiwa upindeni, akafa hivyo hivyo, na watu wakakosa maji kwa siku kadhaa kwa kudhani yu hai. Kila nikikisoma sasa nawaza kwamba mwili ule uliacha kung'aa kama wa walio hai tangu usiku wa kwanza, ukapoa hadi kulingana na mchanga na mawe ya kisima. Habari ya kifo chake ilikuwa ikitoka mwilini mwake waziwazi kuelekea kwa kila aliyejibanza akimwangalia, nao hawakuwa na jicho la kuipokea.

Nilirudi Kipini mwishoni mwa Machi, kaskazi ilipokuwa imelegea. Nilifika jioni nikampa mjomba mkono na kumwambia nimekuja kwa ajili ya neno nililolisema. Akasema maneno yakishasemwa hayavuliwi kwa jarife. Hata hivyo alinitandikia.

Tuliamka kabla ya alfajiri. Mkewe alikuwa amepika usiku na jiko lilikuwa na mkaa uliozimika, mweusi, usio hata cheche. Nilimwomba mjomba aweke kiganja kando yake. Akaniangalia kama mtu anayevumilia mtoto, akaweka. Nikamwuliza kama mkono wake unalifanya nini jiko. Akasema haulifanyi kitu, unalisikia tu. Nikamwambia, basi chombo kile ni mkono, na bahari ndiyo jiko. Hakitumi mionzi. Mionzi hakuna. Nilisema vibaya.

Hakujibu. Aliondoa kiganja, akaleta shuka mbele ya jiko, akaweka kiganja tena nyuma ya shuka. "Na haya maji ya hewani?" akauliza. "Hii si shuka?" Lilikuwa swali la nahodha, na sikuwa nimemwambia habari za mvuke hata kidogo. Ndipo nilipomweleza kuhusu mashahidi wawili, na tukaenda nalo jambo hilo tukitembea hadi pwani, yeye akinirudisha nyuma kila niliporukia hatua. Njiani tulipita chini ya mwembe. Nilimwonyesha ardhi kavu pale chini na majani yaliyolowa umande hatua mbili mbele. Akasema hilo analijua tangu utotoni. Nikasema ni jambo lile lile. Alisimama hapo kwa muda.

Pwani umande mwingine ulikuwa umekwisha anza, ule wa kujaza tanga, ukitoka nyuma yetu, baridi kidogo, ukinukia tope la mto na moshi. Vijana wake walikuwa wakiisukuma mashua. Aliwaambia wangoje.

"Hao wenye meli za kamba," akaniuliza, "na wao wanayo ramani hiyo?"

Wasiotoka kwetu wafahamu kwamba ugomvi wa wavuvi wadogo na meli zinazokokota nyavu za kamba katika Ghuba ya Ungwana ni wa miaka mingi, na nyavu nyingi za watu zimeraruliwa usiku. Nilielewa hapo kwamba swali la kwanza aliloniuliza mkutanoni, samaki huenda wapi, halikuwa la mionzi peke yake. Nilimwambia ukweli: ndiyo, wanayo. Ramani hiyo haina mlango, kila mwenye intaneti anaipata bure, na mwenye meli kubwa anaweza kuifuata hadi mbali ambako mashua haifiki.

"Hilo hukulifasiri siku ile."

"Mtaalamu hakulisema, mjomba."

"Wala hukumwuliza."

Sikuwa na jibu. Alipanda mashuani, akaniambia kwamba Ijumaa baada ya sala nitakwenda naye barazani, nami nitasema mambo yote mawili: la jiko, na la meli za kamba, tena la meli nianze nalo. Kisha wakafungua tanga, na umande ukawachukua kuelekea mlango wa mto.

Ijumaa walikuja watu kumi na mmoja. Yule nahodha alikuwapo, akakaa mbele. Nilipofika kwenye jiko, aliomba niletewe mkaa.